Aliyewekwa Langoni

Mwaka mzima Misuko alinung'unika. Hilo ndilo jina alilopewa na wanafunzi kwa ajili ya nywele zake za kusuka, huko ugenini alikokwenda kufundisha Kiingereza, katika mji ambamo mtu mweusi alikuwa yeye peke yake. Kila asubuhi Mkuu wa shule alimweka langoni, wazazi waone kwamba shule ina mwalimu mgeni. Walimpiga picha, wakampapasa nywele.

"Mama, wamenifanya sanamu," alilalamika kwenye simu.

"Vumilia, mwanangu. Macho hayatoboi."

Kisha akaletwa mgeni mwingine, binti mwenye nywele za rangi ya mahindi makavu. Mkuu akasema, "Misuko, wewe pumzika ndani. Langoni atasimama mwenzako."

Si angemshukuru Mungu? Wapi! Alisimama dirishani, chaki mkononi, roho ikimchoma. Wazazi wake, maana sasa aliwaita wake, walimzonga yule binti kama nzi waliofumania asali.

"Na Kiingereza chenyewe anakibabaisha, mama!"

"Si ulikuwa hutaki kutazamwa?"

"Sitaki!"

"Basi unalilia nini? Hicho ni kijicho. Piga magoti, mwanangu."

Akapiga magoti, ila alichokiomba hakikuwa cha kuombwa.

Haukupita muda, Mkuu akatangaza kwamba shule itabaki na mgeni mmoja tu. Wazazi wangekuja kuwaona wakifundisha, kisha wachague. Jioni yake binti akamjia Misuko.

"Dada, watoto hawanijibu. Wewe huwa unafanyaje?"

Misuko alijua. Watoto wale waliona haya kukosea mbele ya wenzao. Walitaka kwanza kujibu wote pamoja, kila mmoja ajifiche ndani ya sauti za wengine.

"Mchague mmoja," alisema. "Mnyooshee kidole, msimamishe mpaka ajibu."

"Asante, dada. Mungu akubariki."

Neno hilo lilimkwama Misuko kama mwiba wa samaki, lakini akalimeza.

Siku ya wazazi, binti akanyoosha kidole. Mtoto akasimama, kidevu kifuani, kimya. Binti akangoja kama alivyofundishwa. Machozi yakaanza kumdondoka mtoto, mama yake akainuka kule nyuma, wazazi wakanong'ona. Misuko aliiacha ladha ya ushindi ikae kidogo ulimini. Ndipo akaenda mbele, akapiga makofi.

"Haya, wote!"

Darasa zima likajibu kwa kishindo. Wazazi wakashangilia. Mkuu akamwitikia Misuko kwa kichwa, na wote wakajua nani anabaki.

Baadaye binti alikuwa koridoni akifuta macho. Hata kulia kulimpendeza, mwenzangu! Akamshika Misuko mkono.

"Umeniokoa, dada. Nimemwambia Mkuu ulinifundisha vizuri, ni mimi niliyeharibu."

Misuko akaona wivu kuliko siku zote. Kazi alikuwa ameipata, lakini moyo kama ule angeutoa wapi?

"Hukuharibu," alisema. "Nilikwambia vile ili uanguke."

Binti akauachia mkono wake. Akajipangusa uso kwa kiganja, akaondoka upesi.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtafuta yule mtoto. Bado analia."

Misuko hakuwa amemkumbuka kabisa.