Ulimi wa Baba Minza

Mume wangu Thomasi alipopata kiharusi, nilimwambia, "Baba Minza, maneno ninayo mengi, nitaongea ya wawili." Akacheka kwa upande mmoja wa uso. Upande wa pili ulikuwa umegoma.

Daktari wa Bariadi alisema kidonda cha ubongo hakionekani, ndiyo maana watu hukimwagia pombe bila huruma. Asionje hata tone. Pombe ingepandisha presha na kuharibu kilichoanza kupona.

Basi kila asubuhi nikikamua, alikaa kando akijifunza upya kutaja ng'ombe kwa rangi zao. Alitaka jambo moja tu: wakwe wakija kutoka Lalago kumposa Minza, ataje mahari mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Kwa mwendo huo wakwe watasinzia," nilimtania.

"Wa... sinzie. Wakiamka... walipe."

Wakaja. Thomasi akaanza vizuri, neno, kisha neno. Wageni walisubiri kwa adabu. Aliyeshindwa kusubiri ni mdogo wake, Mabula.

Nilitoka jikoni na ugali nikakuta Thomasi anaongea kwa kasi, watu wanacheka. Kikombe chake cha chai kilinuka gongo, na Mabula alikuwa anakijaza tena.

"Shemeji, unamuua huyu."

"Mayu," Mabula akaniita mama kwa Kisukuma, "ulimi umelegea, husikii? Acha mwanaume aozeshe binti yake."

Nilikimwaga. Wanaume wakaguna, kinywaji cha wakwe hakimwagwi na mwanamke. Mabula akanirudisha jikoni kama kuku.

Baadaye maneno ya Thomasi yakaanza kukwama, akaanguka. "Kalewa," wakasema. Wakamlaza pembeni kwenye marobota ya pamba, wakaendelea kupatana. Hakuna aliyemtazama mdomo. Nilipotoka kuchukua vyombo ndipo nilipouona umekwenda upande, na mkono umekufa.

Hospitalini daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema kiharusi kimerudi, tumechelewa, na maneno hatarajii yarudi.

Kesho yake Mabula akaja wodini, amependeza.

"Shemeji, nimewabana wale. Tumepata ng'ombe wengi kuliko alivyotaka kaka."

Chozi likamtoka Thomasi jicho moja.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Taratibu. Masikio bado ni yake."

Mabula akaitazama saa yake, akasema pikipiki inamsubiri nje.