Mkate Mbichi wa Ndizi

Jumamosi ile Adolphine aliamka amechoka, na kazi ilikuwa bado haijaanza. Uchovu wake siku hizi ulikuwa unalala naye kitandani, ukiamka naye, ukimtangulia jikoni. Aliwasha mbabula, jiko la makaa ambalo kila ua wa mtaa wa Bel-Air unalo kwa sababu umeme hauna ahadi, akaweka maji ya kumwogesha mama mkwe. Maji yalipoanza kuimba akajisemea tena neno alilokuwa amelifungia moyoni wiki nzima: leo Paulin akirudi nitamwambia. Mama aende kwa Adalbert.

Paulin, mumewe, alikuwa mtunza ghala kwenye mgodi mmoja wa mbali, akirudi nyumbani Jumamosi mchana na kuondoka Jumapili jioni. Adalbert, kaka yake mkubwa, alikaa Mokambo, mpakani, akivusha bidhaa kutoka Zambia. Nyumba yake ilikuwa kubwa, ina vigae, ina kila kitu isipokuwa watu, kwani yeye na mkewe walishinda barabarani kutwa. Mama akienda kule atabaki na redio tu. Adolphine alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana neno lenyewe lilikuwa limemkwama kooni. Lakini mgongo wake nao ulihitaji mtu wa kuusemea, na hakumwona mwingine.

Mama Mwape, mama mkwe wake, alikuwa amekula chumvi nyingi. Miguu ndiyo iliyoanza kugoma, kisha kichwa kikafuata. Mambo ya ujana wake aliyasimulia kana kwamba yametokea asubuhi, ila jana hakuijua kabisa. Kitu kimoja tu cha siku za karibu hakukisahau hata siku moja, nacho ni kutomwita Adolphine kwa jina.

Tangu alipoletwa bibi harusi, mama mkwe alimwita "muke ya Paulin". Alimwita hivyo usoni pake, kama mtu anayezungumza na cheo. "Muke ya Paulin, leta maji." "Muke ya Paulin, hii sombe iko na chumvi mingi," yaani kisamvu. Alipozaa, majirani wote walimgeuzia jina wakamwita Mama Mardochée, kama ilivyo desturi. Mama Mwape hakujisumbua. Mwanzoni Adolphine alicheka, akawasimulia rafiki zake kanisani, nao wakacheka. Sasa Mardochée alikuwa kijana anayesoma Kolwezi, na mama yake alikuwa anainua mwili wa mtu mzima kutoka kitandani kila alfajiri, bado ni mke wa Paulin, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

Juu ya yote, mama aliacha kula. Bukari, ugali wa kwao, aliisukuma pembeni, uji aliufumbia mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Alitaka kitu kimoja.

"Mukate ya ndizi ya Falonne," alisema. "Ile ya kalanga. Ile ya mubichi."

Falonne alikuwa kitinda mimba wake, msichana mcheshi aliyeolewa Johannesburg na kupiga simu siku za sikukuu. Picha yake ilitundikwa juu ya kitanda cha mama. Ya Adolphine haikuwepo popote, ila ile ya harusi, ambamo Paulin amesimama mbele kidogo.

Basi Adolphine akapika. Mkate wa kwanza ulitoka mkavu. Mama Mwape alimung'unya, akatema. "Hapana. Iko nakwama mu koo."

Mkate wa pili ndio uliokuwa aibu. Adolphine alikuwa amelifikiria sana lile neno, mubichi. Neno lenyewe ni la hila: nguo iliyotoka majini ni mbichi, embe lisiloiva ni bichi, na unga ambao haujaona moto wa kutosha ni mbichi vilevile. Katika zote hizo Adolphine akachagua maana iliyo mbaya. Aliutoa mkate mapema, juu umependeza, ndani ni ujiuji. Mama Mwape alitia kinywani, halafu vyote vikamwagika juu ya shuka zilizokuwa zimefuliwa asubuhi hiyo.

"Iko mubichi!" mama alipiga kelele.

"Mama, si mulisema mubichi?"

"Mubichi ya muzuri! Unataka kuniua, muke ya Paulin?"

Adolphine alifua shuka zile mara ya pili. Mtu mwingine angecheka, na labda hata yeye, mwaka mwingine, angecheka. Siku hiyo alikamua maji mpaka vidole vikauma, kisha akampigia simu Falonne.

Falonne, aliyemwita yaya kama ndugu mkubwa yeyote, alicheka mpaka simu ikakoroma. "Yaya Ado! Ile mukate? Lakini mi nilipikaka ile mara mbili tu! Mara ya kwanza iliungua, tukatupia bakuku."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, nakuapia. Mama angali anakumbuka?"

"Ulifanyaka namna gani, Falonne? Uniambie tu. Mama hakule kitu."

"Sikumbuke, yaya. Uweke ndizi ya kuoza-oza, mafuta kidogo, kalanga ya kukaanga... Mbele ya pale, sijue. Munisalimie mama sana, eh? Mumubusu."

Adolphine aliweka simu mezani taratibu, kana kwamba ingevunjika. Mara mbili, na moja ikaenda kwa kuku. Kwa hiyo mama huyu, ambaye hakukumbuka kama ameoga, alikuwa ameuhifadhi mkate mmoja wa Falonne miaka yote hii, na zile bukari zote za Adolphine, sombe zote, maji moto yote, usiku wote wa kuamshwa, vilikuwa vimepita kichwani mwake bila kuacha hata doa. Alisikia wivu, na akaona aibu kwa kumwonea wivu mtu kwa ajili ya mkate. Hapo ndipo alipoamua. Atapika mara moja ya mwisho, ili kesho ukoo usije ukasema hakujaribu. Mama akisukuma sahani, basi, Mokambo.

Ndiyo hiyo Jumamosi.

Alimwogesha mama, akamgeuza, akampaka mafuta mgongoni na visiginoni, akamwegemeza kwenye mito. Halafu akatoka uani na ndizi zake. Zilikuwa zimeiva kupita kiasi, maganda meusi, zile ambazo muuzaji sokoni anakupa huku akitazama pembeni. Alizimenya na kuziponda kwa uma hadi zikawa uji mzito wenye harufu ya pombe kidogo. Akatia sukari, mayai, mafuta, mwishoni unga na hamira ya unga. Karanga alizikaanga kavu, akazisugua viganjani, akapuliza maganda, akazitwanga mara chache tu, zipasuke bila kuwa unga, kwa kuwa meno ya mama yalikuwa ya kuhesabika.

Tanuri hakuwa nalo. Alikuwa na sufuria kubwa ambayo chini yake alitandaza mchanga, na juu ya mchanga akakalisha bati lenye mkate, akafunika, akapanga makaa machache juu ya mfuniko ili moto uje pande zote mbili. Kisha akakaa kwenye kigoda na kusubiri. Mwili wote ulikuwa unamwomba kitu, na hakuwa na cha kuupa.

Makaa ya juu yalipokuwa majivu, aliyapangusa. Mkate ulikuwa umefura lakini katikati bado ulitikisika. Akaogopa kuongeza makaa, akakumbuka ule mkavu. Akaogopa kuutoa, akakumbuka shuka. Akaufunika tena, akazungushia mfuniko kitambaa kizito ili joto lisitoroke, akauacha na moto mdogo uliobaki chini. Nitangoja kidogo, alijiambia, akaegemea ukuta.

Usingizi ulimchukua hapo hapo, mdomo wazi, mikono imejaa unga, kama mlevi wa mchana.

Alipozinduka kivuli cha ukuta kilikuwa kimehama, na mbabula ilikuwa baridi. Mama! Alikimbia ndani, mama alikuwa anatazama dari, ametulia. Akarudi uani na kufungua sufuria akiwa tayari amekata tamaa. Ndani ya mfuniko matone ya maji yalikuwa yamejipanga, mengine yakamdondokea mkononi. Akachoma kisu katikati ya mkate. Kikatoka safi. Alikata kipande: kilikuwa cheusi kidogo, kizito, kinang'aa, kikinata vidoleni kwa unyevu wake, na karanga zimekaa ndani kama zilizozaliwa humo. Ulikuwa umeiva kabisa, na ulikuwa mbichi.

Hakufurahi. Alikuwa amechoka mno kufurahi kabla ya wakati. Alikata vipande vitatu, akaviweka kwenye sahani, akaingia.

Mama Mwape alichukua kipande kwa vidole vyake. Akatafuna. Akafumba macho. Adolphine, aliyeketi ukingoni mwa kitanda, alimshikia sahani. Mama akameza, akauma tena, akameza, mpaka kipande kikaisha, akapokea cha pili. Alikula polepole na kwa heshima, kama anayekula mezani kwa watu. Kisha akafumbua macho na kumtazama aliyempa.

"Falonne," alisema. "Ulifika wakati gani?"

Adolphine alifungua mdomo kumsahihisha. Mara ngapi amesahihisha? Siyo Falonne, mama, ni mimi. Siyo asubuhi, mama, ni jioni. Safari hii hakuwa na nguvu hiyo.

"Nilifika sasa hivi, mama."

"Muzuri." Mama alilamba kidole. Adolphine akamsogezea kipande cha tatu, lakini mama akaweka kiganja juu yake. "Hapana. Hii umubakishie muke ya Paulin."

"Nani?"

"Muke ya Paulin. Iko anachoka, Falonne. Mi naonaka. Usiku naita, anakuya. Naita tena, anakuya. Mugongo inamuuma, anaendaka kujinyosha kule nyuma ya mulango, anazani sione. Haseme kitu."

Adolphine alitazama mlango. Alikuwa amedhani kweli kwamba nyuma yake haonekani.

"Sasa juu ya nini hamumuambiake mwenyewe, mama?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya Falonne wala yake.

Mama Mwape alisogeza sahani kidogo, kama anayeificha isichukuliwe na mtu.

"Naogopa," alisema. "Nikimuambia 'mutoto yangu, umechoka', ataniambia 'ndiyo'. Na akisema ndiyo, ataenda. Nani njo atabakia na mi?"

Baada ya hapo akajilaza, ameshiba, akalala. Adolphine alibaki pale na sahani magotini. Alilia kimya kimya, machozi yakimshukia mpaka kidevuni, na hakujua anamlilia nani kati yao wawili. Walikuwa wameogopa neno lilelile muda wote huo, kila mmoja upande wake wa mlango.

Paulin alifika na mfuko wake begani, vumbi la njiani kwenye nyusi. Alimkuta mkewe kwenye kigoda uani. Akanusa hewa, akacheka, akanyoosha mkono kwenye sahani iliyofunikwa.

"Acha," Adolphine alisema. "Ile ni ya muke ya Paulin."

"Si ni weye?"

"Ni miye."

Akakichukua kile kipande, akakila chote mbele yake, bila haraka. Paulin alimtazama mpaka mwisho, kicheko kikimpotea usoni.

"Baba Mardochée," alisema alipomaliza, "niko nachoka. Sana. Nilitaka kukuambia mama aende Mokambo."

Paulin aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nilijua hii neno itafika," alisema hatimaye. "Nilikuwa naogopa kuuliza. Basi aende?"

"Hapana. Mama anabakia. Kesho asubuhi weye njo utamuogesha, nitakuonyesha namna ya kumushika. Na leo unaita yaya Adalbert. Bibi yake akuye hapa, ao batume muntu wa kunisaidia. Siyo 'nitaona'. Leo."

"Leo," Paulin alikubali, na akatoa simu.

Kabla hajabonyeza namba, sauti ikatoka ndani, ile ile ya siku zote, kavu na ya amri.

"Muke ya Paulin!"

Adolphine alijiinua kwa mazoea. Paulin alimshika bega, akamkalisha, akaenda yeye mlangoni.

"Niko hapa, mama. Munataka nini?"

"Siyo weye. Muke yako." Akapaza sauti. "Muke ya Paulin! Falonne alikubakishia mukate. Ulikula?"

Adolphine alijifuta midomo kwa kiganja. Makombo ya karanga yalikuwa bado kwenye meno.

"Nilikula, mama."

"Ilikuwa mubichi?"

"Ndiyo, mama," alijibu kutoka kigodani pake, bila kusimama. "Ilikuwa mubichi ya muzuri."