Mashine Iliyopimwa kwa Macho

Dada alisukuma mlango wa karakana kwa fimbo yake, hakubisha hodi, hakusalimia mtu. Alitembea hatua nne hadi mezani, akapapasa mpaka akapata mahali pasipo na skrubu, akaibwaga mashine pale.

"Bubu," alisema.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, na mashine ni bubu. Umeifanya nini?"

Mdogo wake alivua miwani ya kukuzia. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, na hata mkewe alishasahau kumwita vinginevyo. Alikuwa na miaka hamsini na sita na vidole vilivyojaa alama za kuungua. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi haijagonga, na tangu alfajiri alikuwa anangoja Dada aje kumshukuru.

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya mkononi, ukubwa wa kitabu kidogo cha sala, ina vitufe vya kweli vya kubonyeza na tundu la kuchomeka spika za masikioni. Ilikuwa na miaka kumi na saba. Waliobuni mashine hizo walianika michoro na programu zote hadharani, anayetaka asome, anayetaka abadilishe. Kisha kampuni yao ikafa. Mashine hazikufa, kwa sababu duniani kulikuwa na watu mia mbili na kitu wa aina ya Bisibisi, wametawanyika huku na huko, wanaandikiana barua pepe kwenye orodha moja, wanagombana, wananuniana, na katikati ya magomvi yao wanachora bodi mpya za kuingia ndani ya magamba ya zamani, kisha wanaziwekea kiini kipya kila kinapotoka. Kiini ni ile programu ya chini kabisa, inayojua kusemeshana na kila kidude ndani ya mashine: kioo, vitufe, betri, sauti. Kiini kikikosea, yote ya juu yake ni porojo.

Dada alipofuka akiwa na miaka tisa. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa, mwaka wa thelathini huu. Mashine ile ilimsomea sikio la kushoto daktari gani yuko zamu na anapatikana namba gani, huku sikio la kulia likimsikiliza mtu anayelia upande wa pili. Vidole vyake vilivijua vile vitufe kuliko alivyozijua sura za ndugu zake. Zamu yake iliyofuata ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi.

"Nilikupa ubadilishe betri," alisema. "Betri. Silabi mbili."

"Na nimebadilisha. Nikakuwekea na bodi mpya, Dada, ile niliyohangaika nayo miezi kumi na minne! Na kiini kipya, kimetoka wiki hii hii. Sasa inawaka kwa sekunde sita, zamani ulikuwa unangoja..."

"Inawaka. Mimi inaniwakia nini?"

"Niliipima yote kabla sijakuletea jana. Kioo kinang'aa, vitufe vyote vinaitika, alama ya spika imetokea pale juu pembeni..."

Akakatiza. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

"Malizia," Dada alisema. "Alama ya spika uliiona. Sasa hebu niambie, uliweka kitu sikioni ukasikiliza?"

Bisibisi alikohoa bila kikohozi.

"Mashine ya kipofu, na fundi kaipima kwa macho. Mama angekuwa hai angecheka mpaka akae chini. Haya, nirudishie bodi yangu ya zamani."

"Haipo."

"Haipo imekwenda wapi? Ina miguu?"

Bodi ya zamani ilikuwa pale pale, kwenye sahani ya bati, imenyofolewa kama kuku aliyeliwa na watu wenye njaa. Chipu ya sauti na nyingine mbili alizibandua kwa joto, akazihamishia kwenye bodi mpya. Alimwambia hivyo, na alipokuwa anasema masikio yalimwaka moto. Dada alivuta kiti kwa mguu, akaketi, akaweka fimbo mapajani. Maana yake hatoki.

Bisibisi akafungua kompyuta yake ya mezani na kuanza kupekua kumbukumbu za mabadiliko ya kiini kipya. Haikumchukua hata robo saa. Kile kipande cha programu kilichokuwa kinaiongoza chipu ya sauti ya mashine zile hakikuwemo. Mistari elfu moja na mia tatu, yote imefutwa, na kando yake maelezo mafupi ya aliyefuta: *Kimeondolewa. Hakuna anayekitumia.*

Alisimama, kiti kikaanguka.

"Hakuna anayekitumia! Anasema nani? Amemuuliza nani? Mtu ameketi huko bara la watu, kiti cha kuzunguka, anafuta sauti ya dada yangu kama anafuta makamasi!"

"Ni nani huyo?"

"Msimamizi wa Sauti. Kila sehemu ya kiini ina msimamizi wake, na huyu ndiye anayekata na kupitisha mambo yote ya sauti. Hayawani mkubwa. Ngoja. Leo atanijua."

Akaketi, akaandika, vidole vikipiga vitufe kama mtu anayeponda nyama. Dada akamwambia asome anachoandika, naye akasoma, kwa sauti ya mahakamani: kwamba kuna watu mia mbili na kitu, kwamba kuna hospitali, kwamba mtu mwenye haya huuliza kabla ya kukata. Akatuma.

Jibu lilikuja kabla ya saa tano. Bisibisi alilisoma kimoyomoyo, Dada akagonga sakafu kwa fimbo.

"Mimi sina mashine ya kunisomea, na tunajua ni kwa sababu ya nani. Soma kwa sauti."

"Anasema, 'Ndugu, pole kwa usumbufu.' Usumbufu! Anasema kipande kile kilikuwa kikongwe, kinawazuia kurekebisha vingine. Halafu anasema... anasema mtu akikirekebisha kiende na kiini cha sasa, atakipokea."

"Umeruka."

"Nimeruka nini?"

"Mstari. Ulivuta pumzi ya mstari mrefu, ukasoma mfupi. Mwanangu wewe, mimi kazi yangu ni kusikia watu wanachoficha kwenye simu. Rudi nyuma."

Bisibisi aliikodolea skrini. Kisha akasoma, taratibu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa: "'Miezi minane iliyopita niliandika kwenye orodha, nikaomba yeyote anayetumia mashine hii ajitokeze. Nilisema mstari mmoja tu unatosha. Nikangoja wiki sita. Hakujibu mtu. Wewe mwenyewe uko kwenye orodha.'"

Feni ndogo ya kuondolea moshi wa kulehemu iliendelea kuvuma.

"Uliiona hiyo barua?" Dada aliuliza.

"Barua ni nyingi, Dada, kwa siku zinaingia..."

"Uliiona au hukuiona?"

"Niliiona."

Ukweli ulikuwa huu. Miaka miwili nyuma Bisibisi alimpelekea Msimamizi kazi ya miezi mitano, na Msimamizi akairudisha kwa sababu nafasi tupu za mwanzo wa mistari hazikukaa inavyotakiwa. Nafasi! Siyo kwamba programu haifanyi kazi, bali haikuvaa vizuri. Bisibisi akaapa kuwa yule mtu hatapata tena herufi moja kutoka kwake. Barua ya kuomba mstari mmoja ilipokuja, alifyonya, akaifunga, akaenda kunywa chai. Wengine wote kwenye orodha walidhani atajibu yeye, kwa kuwa siku zote alikuwa wa kwanza kusema.

Alimweleza Dada yote hayo, na kila alivyozidi kueleza jambo lilizidi kuwa dogo na la aibu.

"Kwa hiyo ulinuna," Dada alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha. "Ulimnunia mwanamume usiyewahi kumwona, juu ya nafasi zisizo na kitu ndani. Na aliyelipa ni sikio langu. Halafu umesimama hapa unaangusha viti, unamwita mwenzako hayawani."

"Na yeye pia alikosea! Angeweza kuniandikia mimi binafsi!"

"Amekosea, nitamwambia. Wewe shika kazi yako. Sitoki hapa mpaka iseme."

Alifanya kazi bila kuinua kichwa. Alikirudisha kipande kilichofutwa, akakipanga upya mstari kwa mstari kiendane na kiini kipya, mara tatu mashine ikagoma kuwaka, mara tatu akaitukana mpaka Dada akamkanya. Nafasi za mwanzo wa mistari alizipima zote, meno yakisagana. Saa tisa na nusu alimkabidhi Dada spika za masikioni, na safari hii alikuwa ameshasikiliza mwenyewe.

Dada alisikiliza. Uso haukulegea.

"Inasema, lakini huyu siye."

"Siye nani? Ni sauti ileile, programu ileile!"

"Amepandishwa. Anaongea kama mtu aliyekanyagwa kidole. Na ana haraka."

"Mimi sisikii tofauti yoyote."

"Sikukuuliza unasikia nini."

Alichukua kipimo kwa hasira, apate kumwonyesha. Akakigusisha kwenye mguu wa chipu. Bodi ya zamani iliipigia chipu ile mapigo milioni kumi na mbili kwa sekunde. Yake aliyoichora miezi kumi na minne ilipiga milioni kumi na tatu, ndiyo maana sauti ilipanda na kukimbia. Alilaani kimya kimya, akabadilisha hesabu kwenye kile kipande, akaipakia tena mashine.

"Huyo," Dada alisema, na vidole vyake vikaanza kukimbia juu ya vitufe.

Bisibisi akatuma kazi. Msimamizi akajibu kwa maneno machache: imekubaliwa, nafasi zimekaa vizuri, lakini kipande hakirudi bila mtu wa kukisimamia, jina na anwani yake viandikwe, naye ajibu kila akiulizwa. Bisibisi akaanza kuandika jina lake. Fimbo ikatua juu ya vidole vyake.

"Si wewe."

"Dada, wewe kiini hukijui."

"Najua kusikia, na najua kujibu. Miaka thelathini napokea simu za wanaokufa na za waliokosea namba, wanaonitukana na wanaonililia, sijamnunia hata mmoja. Wewe utalehemu na kuandika programu. Nikikwambia rekebisha, utarekebisha. Barua zinakuja kwangu."

Akaandika mwenyewe kwenye mashine yake, kifua mbele, na kutuma kabla Bisibisi hajasema ndiyo wala hapana. Ilimbidi mdogo wake aisome barua hiyo kwenye skrini yake, sawa na wale wengine mia mbili na kitu:

*Mimi ninaitumia. Imekaa bubu kwa sababu mwanamume mmoja alipiga hodi mara moja tu akafuta, na mwingine alisikia hodi akakaa kimya. Wa pili ni mdogo wangu. Jina langu na anwani yangu viko hapa chini. Wengine wenye mashine hizi, semeni leo.*

"Umenianika!" Bisibisi alifoka. "Mbele ya watu wote! Miaka kumi na saba najenga heshima kwenye ile orodha, unanianika kama shuka!"

Dada aliinua kiganja, kichwa amekiinamishia kushoto.

"Punguza kelele," alisema. "Wameanza kujibu. Nawasikiliza."