Futa Mashine Zote

Mimi si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Nikiambiwa mara moja, tena nusunusu, nishaelewa, nishaanza, na mara nyingi nishamaliza kabla aliyeniagiza hajafunga mdomo. Ndiyo maana shule ilinikabidhi funguo za maabara ya kompyuta nikiwa na cheti cha kidato cha nne na kozi ya miezi sita tu. Mama mdogo wangu, ambaye ni msafishaji wa shule hiyohiyo na ndiye aliyenipigia debe kwa mkuu, husema nilipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeomba. Yule ni mama mdogo, namwachia.

Maabara yenyewe ina mashine ishirini na nne, kila moja imebandikwa namba yake kwa karatasi na gundi. Namba nane haiwaki mpaka uizabe kofi ubavuni. Kumi na tatu na ishirini zilishakufa, tunazichuna vipuri kuwapa wenzao. Mwenye chumba ni mwalimu wa kompyuta, ambaye wanafunzi wamempachika jina la Bi Nukta kwa kuwa hata ujumbe wa simu wa neno moja huumalizia kwa nukta. Hapendi maneno mengi. Siku akikuandikia sentensi tatu, jua ni hotuba.

Jumatatu alikwenda kwenye mkutano wa walimu wa masomo, akaniachia karatasi mlangoni. Ilikuwa na sentensi tatu.

"Futa mashine zote. Wasahihishaji wa miradi ya kidato cha nne wanakuja Jumatano. Nisikute hata chembe."

Niliisoma mara moja, kama kawaida yangu. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemlalamikia kwamba diski zimejaa miziki na picha za wanafunzi waliopiga pozi kwenye ua wa shule. Nikasema moyoni, mwalimu kasikia kilio changu. Na miradi je? Nikajijibu kwamba bila shaka alishaichukua yote kwenye kompyuta yake. Mtu makini kama yule angeiachaje humu?

Basi nikafuta. Nilianza na mashine ya kwanza, nikaenda kwa mstari, folda baada ya folda, na kila nilipomaliza nikamwaga na pipa la taka ili isibaki hata chembe. Kufikia ya kumi na saba diski ilikuwa nyeupe, ina nafasi ya kucheza mpira. Nikaingiza filamu mbili ndefu kutoka kwenye flashi yangu, kupima kama diski bado ina nguvu. Ilikuwa nayo. Filamu ya pili niliitazama hadi katikati, kupima zaidi.

Jumanne asubuhi mama mdogo akaingia peku, ndoo mkono mmoja, vitambaa bega zima.

"Haya, Injinia," akasema. Huniita hivyo akitaka kunichokoza. "Kitambaa chako hiki. Kibichi kwa meza, kikavu kwa vioo. Usichanganye."

"Cha nini, mama mdogo?"

"Cha kufutia mashine. Mwalimu hajakuachia karatasi? Jana kabla hajaondoka alinionyesha, akapitisha kidole juu ya kioo kile pale. Kidole kikarudi na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Akasema, fundi atafuta, wewe mpe vitambaa."

Nilitazama kioo kile pale. Alama ya kidole ilikuwapo bado, imenyooka kama nukta iliyovutwa.

"Mbona umekaa chini?" mama mdogo akauliza.

"Nimefuta, mama mdogo."

"Umefuta wapi na vumbi hili hapa?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka ndoo chini polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Kwa hiyo vumbi umeliacha," akasema, "ukafuta watoto."

"Nimefuta kazi zao. Watoto wapo."

"Wakijua watakufuta wewe."

Kazi zenyewe zilikuwa ripoti za miradi, thelathini na moja, na alama zake zinaingia kwenye mtihani wa mwisho. Nilimpigia simu mkuu wa somo, nikauliza kwa sauti ya mtu asiye na shida kama Bi Nukta alikuwa amechukua nakala. Hakuwa nazo. Nakala ni kazi ya mtunza maabara, akanikumbusha. Nilikuwa nimepanga kuanza kuzichukua wiki ijayo. Nilikuwa na mpango huohuo tangu siku ya kwanza kazini.

Hapo sasa nifanyiwe haki: nilifanya kazi. Kitu kikifutwa kwenye diski hakiondoki palepale. Kinakaa kama mpangaji aliyefukuzwa lakini hajapata gari la kuhamisha vyombo, na ukiwahi kabla hajaingia mpangaji mpya, unamkuta. Nilikuwa na programu ya kufufua mafaili kwenye flashi. Nikaipitisha mashine moja baada ya nyingine, huku mama mdogo akinifuata nyuma na vitambaa.

"Huyu kafufuka?"

"Kafufuka."

"Na huyu?"

"Nusu. Ngoja. Naye kafufuka."

Saa tisa alasiri nilikuwa na ripoti thelathini. Iliyokosekana ilikuwa kwenye namba kumi na saba, kwa sababu mpangaji mpya alishaingia na virago vyake, filamu mbili ndefu. Ilikuwa ya binti mmoja wa kidato cha nne aliyezunguka na daftari mwezi mzima akipima maji yanayovuja kwenye mabomba ya shule. Kurasa kumi na mbili. Programu iliniletea kichwa cha habari na picha ya bomba, nusu yake.

Kabla sijajua la kufanya, viatu vikasikika vikivuliwa mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Bi Nukta akapitisha kidole juu ya kioo cha kwanza, akakitazama. Kilikuwa safi. Mama mdogo hana mchezo. "Vizuri. Miradi nionyeshe."

Nikamwonyesha. Alihesabu mpaka thelathini, akasimama. "Wa mabomba?"

Nilikuwa nimekusudia kusema kweli. Naapa nilikuwa nimefungua mdomo kwa ajili hiyo. Kilichotoka ni kingine. "Kirusi, mwalimu. Kimekula mashine namba kumi na saba."

"Kirusi gani?"

"Hiki kipya. Kinakula ripoti."

Bi Nukta hakucheka. Akachungulia dirishani, akamwita yule binti wa mabomba, aliyekuwa akipita na wenzake. Binti akaja, akavua viatu, akasimama.

"Kirusi hakiingii chenyewe," Bi Nukta akamwambia. "Kinakuja na flashi za nyumbani, na nilizikataza. Aliyeleta kirusi hawasilishi mradi. Ni sifuri."

"Mwalimu, mimi sina flashi," binti akasema. "Nyumbani hatuna hata kompyuta ya kuichomekea."

"Basi kimetoka wapi?"

Binti alinigeukia. Hakunishuku, ndilo lililoniuma. Alinitazama kama watu wanavyomtazama fundi, akingoja nitamke jambo la kitaalamu limwokoe. Nikajishughulisha na waya wa kipanya uliokuwa umenyooka vizuri tu. Nilijiambia nitasema, nihesabu kwanza mpaka tatu. Nikafika tatu, nikaona bora mpaka kumi.

Dirishani nyuma yetu kitambaa kikaacha kusugua kioo.

"Samahani, mwalimu," mama mdogo akasema bila kugeuka. "Huyo kirusi namjua. Nimemwogesha mwenyewe mpaka akaingia darasa la kwanza, na filamu aliyomwekea mtoto wa watu juu ya kazi yake, leo asubuhi ameniomba nisiitaje."