Kabla Sijamwambia Bi Wojtak

Bi Wojtak alikwisha kunipakulia supu kabla sijapata nafasi ya kumwambia kwamba mwanawe amekufa.

Nilikuwa nimeketi mezani pake, theluji ya viatu vyangu ikiyeyuka juu ya sakafu aliyoipiga deki asubuhi hiyo. Supu yenyewe ilikuwa ya shayiri na uyoga, nzito, na mvuke wake ulitia ukungu miwani yangu. "Kula kwanza," alisema. "Umekonda kama mpini wa ufagio."

Siku hizo nilikuwa mchunguzi wa vifo katika ofisi ya daktari mkuu wa uchunguzi wa maiti, katika mji wa Milwaukee. Mtu akifa peke yake, au ghafla, au kwa namna isiyoeleweka, tuliitwa sisi. Daktari alimpasua baadaye, mimi nilitangulia. Niliingia chumbani mwake, nikamgusa taya na shingo kupima ukakamavu, nikatazama dawa zake, sahani zake, kitanda chake. Kisha nikawatafuta watu wake. Hayo mengine yote niliyazoea. Hili la mwisho halikuzoeleka.

Asubuhi ile tuliitwa kwenye chumba cha kupanga kilicho juu ya duka la matairi. Leonard Wojtak, fundi bomba, mtu wa makamo, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mgongo ukutani, kama mgonjwa anayengoja jina lake liitwe. Redio ilikuwa bado ikitangaza hali ya hewa. Hapakuwa na damu wala dalili ya fujo. Moyo ulikuwa umechoka tu. Dwight, mwenzangu aliyeendesha gari la maiti, alitazama kikombe kimoja kwenye sinki, kijiko kimoja, kiti kimoja.

"Kama kwako vile, Marlene," akasema. "Ila wewe una paka."

"Paka alikufa."

Akanisaidia kufunga zipu ya mfuko. Dwight hakuwa na ubaya. Alitania kila mtu, hata marehemu. Lakini neno lake lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nimeachika, sikuwa na mtoto, na kwenye karamu watu walioisikia kazi yangu walikumbuka ghafla kwamba vinywaji viko upande wa pili. Nilikuwa nimekwisha kuamua: theluji ikiyeyuka, naacha kazi.

Simu ya marehemu ilionyesha namba aliyoipiga kila Jumapili. Ilikuwa ya mama yake, kusini mwa mji.

Kanuni yetu ilikuwa moja. Sema ukiwa mlangoni. Usipokee kiti, usipokee kahawa. Usiseme "ametutoka", wala "amepumzika". Sema amekufa, maana mwenye kuogopa ukimwachia ufa mdogo wa matumaini, atajipenyeza humo, na kumtoa ni kumuua mara ya pili. Niliyajua hayo kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilipobisha na kuanza kujitambulisha, bibi kizee alinishika mkono akanivuta ndani, akisema baridi inaingia. Nilipofungua kinywa tena, akaniuliza kama natumia chumvi. Mara ya tatu alikuwa amekwisha kuanza hadithi: jinsi Leonard, alipokuwa mdogo, alivyojificha kwenye mnara wa kengele wa kanisa kwa sababu ya kaptula mpya asiyoipenda. Siku hizi, akasema, hupiga simu Jumapili, kisha huja kufungua bomba la sinki ambalo halijaziba, kwa kuwa hakuna kati yao wawili anayejua kukaa tu bila shughuli.

Nikala. Alikaa mbele yangu bila bakuli lake, macho yakifuata kijiko changu. Kijiko kilipogonga kitako cha bakuli, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Haya," akasema. "Sasa niambie."

"Leonard amekufa, Bi Wojtak. Tumemkuta chumbani mwake leo asubuhi. Ni moyo."

Hakupiga kelele. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa kitu anachokijua kwa moyo.

"Nilikuona tangu dirishani. Ulikaa garini muda mrefu, mwanangu. Mwenye habari njema hakai garini." Akalainisha kitambaa cha meza kwa kiganja. "Nilitaka awe hai mpaka umalize supu."

Akaniuliza kama mwanawe alikuwa amevaa. Nikamwambia ndiyo, nguo za kazi, na buti moja mguuni.

"Mguu gani?"

Madaktari hawakuwahi kuniuliza hilo. Wala polisi. "Wa kulia."

"Ndivyo nilivyomfundisha," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Kazi sikuiacha. Niliifanya mpaka magoti yaliponikatalia ngazi, na Bi Wojtak nilimzika mwenyewe, mimi na padri na jirani mmoja. Lakini siku ile sikuwa nikijua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba nilipaswa kumwachia kadi ya ofisi na kuondoka. Badala yake nilivua koti. Aliosha vyombo, mimi nikafuta. Aliendelea na hadithi ya mnara: Leonard aliteremka mwenyewe, njaa ilimtoa, akaja moja kwa moja jikoni na kaptula yake mpya imejaa mavi ya njiwa. Akacheka, akalia, akanipa sahani nyingine.

Jioni ilikuwa ikiingia, dirisha limeanza kuwa la buluu, simu yangu ilipolia. Dwight alitaka kujua kama gari langu limekwama kwenye theluji, aje kunivuta.

"Hapana," nikamwambia, sahani ikinidondokea maji kwenye mkono wa blauzi. "Niko kwa watu."