Msamaha wa Pasi

...tone moja tu, hivi, pembeni mwa mdomo, si kwa juu, kwa juu litamwingia puani apaliwe, pole mzee, meza basi, meza, lakini kifaranga hamezi, amelegea kwenye kiganja cha fundi viatu kama soksi iliyolowa, jicho moja limefumba na jingine linamtazama... au halimtazami, linatazama tu, ila fundi amegeuza uso kama mtu aliyeitwa, kwani kifaranga wa siku chache anajua nini, hajui hata kwamba miguu haikuumbwa kutanuka hivyo, mmoja huku mmoja kule, ndiyo maana imefungwa kipande cha plasta ikutane, na hapa kitovuni pabichi bado, pa kutolewa kabla ya wakati, na chumbani mkewe anaongea na dada yake kwenye simu, mlango uko wazi nusu, sauti inakuja inakatika, "...ni mimi, dada, ni pasi ile, nani mwingine..." na fundi anachovya tena kijiti cha pamba kwenye maji ya glukosi, kwa mkono huu huu unaoshona soli huku macho yako barabarani. Pasi. Mungu wangu, pasi. Maskini pasi ya watu imekaa zake kabatini na waya wake umezungushwa shingoni kama mshitakiwa, na yeye anayejua haikuua hata yai moja ameketi hapa jikoni ananywesha.

Kwa sababu lile la pasi lilikuwa zamani, mayai yakiwa machanga bado, mkewe alichomoa waya wa balbu ya sanduku la kuangulia ili anyooshe sare, akasahau kuurudisha, fundi akakuta sanduku lina uvuguvugu, akaurudisha, basi, yakaisha, na kama ni pasi wangekufa wangali matone ya damu, lakini hawa ambao hawakutoka, aliowapasulia mayai mwenyewe nyuma ya nyumba, peke yake, akijificha kama mwizi, hawa walikuwa wametimia, manyoya, kucha, midomo yao ilishatoboa ganda, walishabisha hodi, wakafia mlangoni wamegandwa na utando uliokauka kama karatasi iliyopakwa gundi, na gundi fundi viatu anaijua, hakuna wa kumfundisha gundi inakaukaje ikiachwa wazi. Ikiachwa wazi. Yule muuza vifaranga alimwambia kabisa, wakishaanza kudonoa usifungue, mvuke ukitoka umewaua, chungulia kwenye kioo utosheke. Akaitikia ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Na angetosheka, angetosheka kweli, kama isingekuwa zamu yake kupokea kikundi cha maombi, viti vya kuazima hadi uani, na sanduku lake la mbao amelitoa chumbani akaliweka mezani katikati, eti liko njiani kule, mwongo, lilikuwa njiani wapi, alitaka walione, alitaka waseme huyu fundi naye ana akili, na yai moja lilikuwa na kitundu na ncha ya mdomo, akawahubiria, yeye ambaye hata kusoma neno mbele za watu huwa anajikwaa, akahubiri uhai unavyotoka gizani, wakainama wote kutazama, na uhai haukutoka. Wakangoja. Mtu akakohoa. Seremala wa jirani akasema, si kwa sauti kubwa, labda huyu anasubiri kadi ya mwaliko, watu wakacheka, kicheko chenyewe cha kawaida tu, kicheko cha majirani, lakini kilimwingia fundi kama msumari kwenye kisigino, na hapo ndipo alipoinua mfuniko akauegemeza ukutani, akachukua sindano yake ya viatu, akaanza kubandua ganda kidogo kidogo, na wao wakaanzisha pambio, na pambio likiisha mwingine anadaka jingine, makofi, vigelegele, na ukungu wa kwenye kioo ukaondoka... aliuona ukiondoka, asijidanganye, aliuona, akajua, akaendelea, na uzi wa damu ulipotokea kwenye utando akaufunika kwa kidole gumba. Kidole hiki. Akatoka kifaranga huyu, wakasema amina. Seremala akamwita Mkunga, na tangu siku hiyo mtaa mzima ni Mkunga, Mkunga hujambo, Mkunga viatu vyangu tayari.

"...hapana, dada, hakunifokea," mkewe anasema huko chumbani, "hata sauti hakupaza," na fundi anataka kuziba masikio ila mkono mmoja una kifaranga na mwingine una kijiti. Maana wengine walipokuwa hawatoki, mkewe alisimama hapo hapo mlangoni, mikono kichwani, mayai ya kuku wake mweupe yule, kuku aliyekanyagwa na gari akaacha mayai yana joto, ndiyo fundi akatengeneza sanduku, akamwahidi usilie mke wangu watatoka wote. Akasema, "Baba watoto, ni mimi na pasi yangu. Unisamehe." Halafu kikapita kimya. Si kwamba hakikupita. Kilikuwa kimya kirefu cha kutosha mtu kusema neno, hata mawili, angesema tu hapana mama, sikiliza, lakini alimwekea mkono begani, akaivuta ile sauti yake ya ibada, akasema nimekusamehe. Nimekusamehe! Akamsamehe mtu kosa lake yeye mwenyewe, neno ambalo Mwenyezi Mungu analitoa kwa rehema, yeye akalichukua akajipangusia nalo mikono, na mama wa watu akashukuru, akasema asante baba watoto, na tangu hapo haigusi pasi, gauni la kanisani analitandika chini ya godoro alilalie usiku linyooke, na halinyooki, juzi walitoka kwenda ibadani mkunjo umepita mgongoni kutoka bega hadi kiunoni, fundi akabaki nyuma makusudi asitembee naye bega kwa bega, njia nzima anausoma ule mkunjo.

"...akanishika bega tu, dada, wanaume wa hivyo wako wangapi, mimi najua niliolewa na mtu wa sala..."

Mtu wa sala, ndiyo, kwa sala hajambo, leo alfajiri amepiga magoti akatubu mpaka machozi yakatoka, na alipoinuka alijiona mwepesi, hata uji aliunywa kwa raha, Mungu amesikia, na Mungu kweli husikia, lakini si Mungu anayelalia gauni. Basi amwambie. Atasema nini, mke wangu mambo haya ya vifaranga sisi sote tulikosea... sote akina nani. Au, shetani alinipitia... shetani hakushika sindano. Au, watu walinicheka... hapo atamwonea huruma, atamtengea na chai, na yeye atainywa, anajijua. Au angoje kwanza huyu apone, akishasimama kwa miguu yake ndipo aseme, yawe maneno yenye faraja... na hapo fundi anasita, kijiti hewani, maana ameisikia hiyo, ameisikia vizuri, kumbe ndiyo sababu hachoki kumnywesha, kumbe si huruma, anamtengeneza shahidi, kiumbe mgonjwa namna hii amebebeshwa kazi ya kumtetea mtu mzima. Wewe. Wewe mdogo hudaiwi kitu hapa. Ukipenda kuishi ishi, na ukishindwa lala, baba, hakuna atakayekulaumu, mimi nitamwambia mke wangu vilevile, nitasema nilifungua mfuniko ili nisifiwe, nikakuacha ubebe, nikakusamehe bila kosa, basi, nisiongeze chochote, nikiongeza tu nitajipamba.

Chumbani simu imekatwa. Kandambili zinakuja kwenye ukumbi, zile za kukokota, kama za mtu anayeingia nyumba ya wengine.

"Baba watoto, amekunywa?"

Hajanywa, tone liko palepale pembeni mwa mdomo halijaingia wala halijaanguka, na fundi hajainuka, hajamtazama, ila amejisogeza mpaka mwisho wa benchi, mkewe apate pa kukaa.