Kibao Chekundu cha Behewa la Saba

Jumamosi saa tatu asubuhi, msafishaji wa makumbusho ya reli alikuwa akisugua ngazi za behewa la saba alipoona miguu minne imetokeza chini yake. Miwili ilikuwa ya mwalimu wa hesabu, na miwili ya mumewe, dereva wa lori. Walikuwa wamelala kifudifudi kwenye kokoto, simu ikiwa katikati yao.

"Inasema mita mbili," alisema mwalimu.

"Dakika ya tano hii inasema mita mbili. Simu yako imechoka na maisha."

"Sogeza tumbo basi, labda umekilalia."

Walikuwa wasakaji. Mchezo wao ni rahisi: mtu huficha kikopo mahali na kutangaza namba zake za ramani, wengine hukitafuta kwa simu. Ukikipata, unaandika jina lako kwenye kidaftari kilichomo, unachukua kitu kimoja na kuacha kingine. Kikopo cha hapa kilikuwa kimenaswa kwa sumaku juu ya ekseli. Mwalimu alikibandua, wakatoka nacho nje, akakifungua. Aliweka kando kifutio na pete ya plastiki, akachagua kibao chekundu cha bati, ukubwa wa kiganja, chenye kamba. Kiliandikwa MTU YUPO KATIKATI.

"Rudini nyuma," alisema msafishaji. Walirudi.

Injini ya mvuke iliyokuwa mbele ya behewa haikuwa imewashwa moto kwa miaka arobaini, na magurudumu yake yalikuwa yamechomelewa kwenye reli. Ilirudi kinyumenyume mita moja na nusu, kwa nguvu. Baba yake msafishaji alikuwa amesimama kati ya injini na behewa akikaza skrubu ya kuunganishia, kwa kuwa ndipo alipokuwa amesimama siku ile alipokufa, binti yake huyu akiwa bado mtoto. Vyuma vilikutana kifuani mwake. Mbavu zilivunjika kwa mlio wa kuni kavu. Damu ilimrukia dereva wa lori kuanzia kola mpaka mkanda.

"Nilikwambia usivae nyeupe," alisema mkewe.

Yule baba hakuanguka, vyuma vilikuwa vimemshikilia. Aliinua kichwa. "Nani ametoa kibao?"

"Mimi, mzee," alisema mwalimu. "Samahani sana."

Baba alimtazama vizuri. "Si wewe," alisema, akafa.

Mwalimu aliacha kibanio cha nywele, akaandika jina lake. Hiyo ilikuwa mara ya tisa tangu kikopo kifichwe. Kesho yake kibao kilikuwa kimerudi kikoponi kama kawaida, na reli ilikuwa safi kwa kadiri brashi inavyoweza.

Sheria ya kazi ya baba ilikuwa moja. Mwunganishaji akiingia kati ya mabehewa, hutundika kibao chake kwenye mpini wa mvuke. Kikiwepo, injini haiondoki, hata aamuru nani, na anayeruhusiwa kukitoa ni yule tu aliyekitundika. Siku ile mtu mwingine alikitoa. Dereva wa injini alikuta mpini mtupu, akauvuta. Baba alikuwa katikati, hakuuona mkono wenyewe. Sasa kofia yake ilikuwa kwenye kabati la vioo, na kadi: "Kofia ya mwunganishaji aliyekufa kwa uzembe wake. Hakutundika kibao."

Msafishaji alikuwa ameandika barua tatu akiomba maneno hayo yafutwe. Mwenyekiti wa makumbusho, aliyekuwa stesheni masta wa enzi hizo na ambaye watu walimwita Bwana Dakika, alimjibu kwa upole Jumapili hiyo. Mtu akizembea mara moja, aliandika, tunaweza kuzungumza. Lakini kitabu cha ajali kinaonyesha kwamba marehemu amezembea mara tisa, mwaka huu peke yake.

Jumatatu, kabla milango haijafunguliwa, msafishaji alipanda na kikopo kwenye chumba cha dereva wa injini. Injini ilitikisika kibao kilipotoka kikoponi, ikatulia kilipogusa mpini. Baba yake alikuja na grisi mikononi, akaingia katikati.

"Kibao kipo?"

"Kipo, baba. Nimekitundika mimi, na ninakilinda."

"Asante, mama."

Baba alikuwa na miaka thelathini na minne, binti hamsini na mmoja. Binti hakujua kama ameitwa mama kama mtoto wake au kama mtu aliyemzidi umri. Hakuuliza, kazi ilikuwa imeanza.

Skrubu ilihitaji mizunguko kumi na miwili. Katika mara zote tisa, baba hakuwahi kuvuka wa nane. Akimaliza angetoka upande wa pili, angenawa mikono, angekwenda nyumbani kama watu wengine. Alikuwa akihesabu kwa sauti, na alikuwa kwenye wa tisa Bwana Dakika alipopanda ngazi na bakora yake.

"Nini hiki?"

"Cha baba, mzee. Bado kidogo tu."

"Wa kumi," alisema baba kule chini.

"Saa nne kasoro dakika mbili. Mgeni rasmi yuko getini, anataka kupigwa picha hapa. Maonyesho hayatundikwi takataka."

"Nakuomba, mzee. Dakika moja."

"Hata siku ile niliambiwa dakika moja."

Msafishaji alikifunika kibao kwa mkono. Bwana Dakika alipiga bakora kwenye kifundo cha mkono, na mfupa ukavunjika. Alipiga tena palepale, vidole vikaachia.

"Wa kumi na moja," alisema baba.

Bwana Dakika alikitoa kibao, akakitia mfukoni.

Injini ilirudi nyuma. Safari hii baba alikuwa ameinama, chuma kikampata shingoni na begani, na mkono wa kulia ukaangukia kokotoni ukiwa bado umeshika mpini wa skrubu. Aliinua uso. Kutoka pale dirisha la chumba cha dereva lilionekana lote.

"Nani ametoa kibao?"

Bwana Dakika alitazama saa yake. "Hakukuwa na kibao," alisema. Kamba ilikuwa ikining'inia nje ya mfuko.

Baba aliitazama ile kamba. "Haya, Masta," alisema, akafa.

Mgeni rasmi alipigwa picha upande usio na damu. Kwenye kitabu cha ajali waliandika uzembe, mara ya kumi. Kifundo cha msafishaji kiliandikwa mstari uliofuata, nacho uzembe. Kadi ya kwenye kabati ilifutwa vumbi, maneno yakabaki yaleyale.

Mchana, mkono ukiwa kwenye bandeji, msafishaji alifungua kidaftari cha kikopo na kuandika kwa mkono wa kushoto, chini ya jina la mwalimu: "Stesheni masta. Amechukua kibao. Hajaacha kitu." Akakirudisha kikopo juu ya ekseli. Kesho yake kibao kilikuwa kimerudi humo.

Jumamosi walikuja wasakaji wengine wawili, wakakipata bila shida. Walisoma mstari ule, wakasema huyo hajui sheria za mchezo. Waliandika majina yao chini yake, wakaacha kalamu, wakachukua kibao.